Kazi Iliyofichwa Ndani ya Injini

(Mazungumzo ya redioni. Somo: 2 Wafalme 22:3–7)

 

Katika maboma mengi ya upande wa Shinyalu, Malava, Mumias na Khayega iko pikapu ya zamani iliyosimama. Imekaa chini ya mti au nyuma ya jiko, kuku wanatagia ndani yake, na nyasi zimeota mpaka milangoni. Hapo zamani ilibeba mahindi, ilipeleka wagonjwa hospitalini, ilileta mbao za kujengea kanisa. Kisha ikaanza kutoa moshi, ikakosa nguvu mlimani, ikaachwa. Mwenyewe hakuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa maana moyoni husema, Iko siku nitaifanya upya.

Leo nataka tuitazame kazi hiyo ya kuifanya upya injini ya zamani nyumbani, jinsi inavyofanywa na jinsi inavyoharibiwa. Huenda mtu akauliza, Je, pistoni na ringi zina uhusiano gani na Neno la Mungu? Fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 22. Mfalme Yosia aliona nyumba ya Bwana imebomoka mahali mahali. Akamtuma Shafani mwandishi kwa Hilkia kuhani mkuu, ili fedha za sadaka wapewe maseremala, wajenzi na waashi, waitengeneze nyumba. Mstari wa 7 watuambia jambo la ajabu: mafundi wale hawakudaiwa hesabu ya fedha waliyopewa, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Fundi wa namna hiyo ndiye ninayetaka tumfikirie leo.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404, ambayo watu wetu waliita Pijo. Gari hili lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia zilikuwa ngumu hata magari 7 tu yakafika mwisho. Pikapu zake zilitumika Kenya nzima, nyingine zikawa matatu, na mpaka leo ziko ambazo wenyewe hawataki kuzitupa.

Injini yake inayojulikana sana ina silinda 4. Ndani ya kila silinda iko pistoni. Pistoni hushuka ikavuta hewa na petroli, hupanda ikavigandamiza, plagi hutoa cheche, na moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu, kisha hupanda tena na kuutoa moshi. Konrodi huiunganisha pistoni na kranki, kama mguu wa mwendesha baiskeli unavyozungusha pedeli. Ringi zimeizunguka pistoni ili nguvu ya moto isipite pembeni, na ili oili isipande juu ikaungua. Kranki nayo huzunguka juu ya beringi laini, na kati ya chuma na chuma iko oili nyembamba kuliko unywele. Oili hiyo ikikosekana, chuma hukutana na chuma, na hapo ndipo injini hufa.

Basi fundi aanze wapi? Asianze na spana. Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akashindwa kumaliza na watu wakamcheka. Injini nyingi za Kakamega ziko katika magunia na makarai mpaka leo kwa sababu mwenyewe alifungua kabla ya kuhesabu.

Kuna vipimo vya kufanya kabla ya kufungua. Tazama moshi. Moshi wa rangi ya buluu waonyesha kwamba oili inaungua. Moshi mweusi waonyesha petroli nyingi kupita kiasi, na huenda tatizo ni kabureta tu. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa moto, pamoja na maji kupungua katika radieta, waonyesha kwamba maji yanaingia ndani. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, jua maji na oili vimechanganyika.

Kisha pima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tia kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi na silinda ndizo zilizochoka. Kisipopanda, tafuta kasoro katika valvu au gasketi ya hedi. Kwa kijiko kimoja cha oili mtu aweza kujua kama atafungua hedi peke yake au injini nzima. Halafu andika orodha: seti ya silivu na pistoni, ringi, beringi, gasketi, oili, kazi ya mashine, ujira wa fundi. Iandike mezani pamoja na mke wako, karibu na orodha ya karo za watoto. Kama hesabu haitoshi, afadhali pikapu ikae nzima chini ya mti mwaka mmoja zaidi.

Tuseme hesabu imetosha. Sasa yakupasa usafi na utaratibu. Hapa kwetu mvua hunyesha mchana karibu kila siku katika majira yake, na chuma kilichosafishwa asubuhi kinaweza kuwa na kutu kesho yake. Kwa hiyo tafuta mahali penye mabati juu na sakafu isiyo na vumbi. Osha injini kwa nje kabla ya kuifungua, ili uchafu usidondoke ndani. Kila kitu kinachotoka kitiwe alama. Boliti za hedi ziwe katika kopo lake, za pampu ya maji katika kopo lake. Valvu zitobolewe nafasi katika kipande cha karatasi ngumu, kila moja na namba yake. Vifuniko vya beringi za kranki na vya konrodi visibadilishane kamwe, wala visigeuzwe. Kila kimoja kilichongwa pamoja na mwenzake, na hakitakubali mwingine.

Hedi ya injini hii ni ya alumini. Ifunguliwe injini ikiwa baridi kabisa, boliti zikilegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati, isije ikapinda. Na hedi ikiisha kutoka, usizungushe kranki kabla ya kuzishikilia silivu kwa boliti na washa pana. Silivu za 404 hazikuumbwa pamoja na bloku. Zimesimama ndani ya maji, na pistoni ikipanda yaweza kuziinua, gasketi zake za chini zikaharibika. Lakini jambo hilo hilo ndilo lifanyalo injini hii ifae kutengenezwa nyumbani. Katika injini nyingine, silinda ikiliwa, bloku nzima hupelekwa kwenye mashine kuchongwa. Katika hii, silivu za zamani hutolewa, na mpya huingia pamoja na pistoni zake.

Ukifungua karai la oili chini ya injini, mimina oili katika chombo cheupe uitazame juani. Eneo letu lilijulikana mbali kwa dhahabu iliyoonekana hapa mwaka 1931, na wageni wengi wakaja na majembe na karai zao. Mtu wa Kakamega akiona kitu kinang'aa katika uchafu hufurahi. Lakini kinachong'aa katika oili ni habari mbaya. Vipande vidogo vyenye rangi ya shaba vyatoka katika beringi zilizolika mpaka tabaka la chini. Injini inakuambia, Ninakula mwili wangu mwenyewe.

Hapo ndipo tufikapo kwenye kipimo. Jicho halitoshi. Kranki hupimwa kwa maikromita, mahali zaidi ya pamoja, kwa maana huliwa upande mmoja ikawa na umbo la yai. Ikiwa ina mikwaruzo au haiko mviringo, lazima ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ikasagwe. Kazi hiyo haifanywi nyumbani kwa msasa, hata kama fundi ana mkono mwepesi namna gani. Na ikisagwa kwa milimita 0.25, basi beringi zinunuliwe za saizi hiyo hiyo. Hedi nayo ipimwe kwa rula iliyonyooka kama imepinda. Valvu zisagwe zikae vema katika viti vyake, na ukimimina petroli kidogo juu yake isivuje.

Jambo moja la siku hizi lisisahauliwe. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ilikuwa na risasi ndani yake, na risasi ile ilisaidia kukinga viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya namna hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa ajili ya afya ya watu, hasa watoto. Hilo lilikuwa jema. Ila mwenye injini ya zamani amwulize fundi wa hedi kama viti vya valvu vyaweza kuvumilia petroli ya sasa, au vibadilishwe na kuwekwa vigumu zaidi.

Sasa, msikilizaji mpendwa, nakuomba usimame nami hapa, kwenye beringi. Tuseme mama mjane ameuza ng'ombe mmoja ili pikapu aliyoachiwa na mumewe imsaidie kupeleka ndizi na mboga sokoni Khayega. Amempa fundi fedha za beringi mpya. Fundi amezitoa za zamani. Zimeliwa, lakini akizipangusa kwa kitambaa zaonekana kama zaweza kufanya kazi kidogo. Dukani mpya zina bei. Nyumbani kwake fundi mtoto wake amerudishwa kwa karo. Hakuna mtu karibu. Injini ikiisha kufungwa, hakuna atakayeona kilichomo ndani.

Akizirudisha zile za zamani, mama atajua lini? Hatajua leo. Pikapu itawaka, watoto watashangilia, majirani watamsifu fundi. Lakini baada ya miezi mitatu, ikiwa imepakia watu wa mazishi, mlimani, jioni, mvua ikinyesha, injini itaanza kugonga, kisha itashika. Kranki mpya iliyosagwa itakuwa imeharibika. Ng'ombe amekwenda, na pikapu imerudi chini ya mti. Wala fundi hataitwa mwizi; atasema, Injini ilikuwa ya zamani, mama. Na hakuna wa kumpinga, ila Yule aliyekuwapo siku ile alipozipangusa kwa kitambaa.

Ndiyo sababu naipenda habari ya mafundi wa Yosia. Mawe mengi waliyoyaweka yalifunikwa na mawe mengine. Mbao walizozitia ukutani hazikuonekana tena. Mfalme hakuwa na njia ya kubomoa ukuta kila jioni aone. Aliwaamini, nao hawakumvunja moyo. Kumbukeni pia kwamba Hilkia alikiona kile kitabu cha torati siku zile zile za matengenezo.

Hata mababu zetu katika imani hawakutenga kazi ya mikono na Injili. Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifika Kaimosi, ambako siku hizi ni Kaunti ya Vihiga. Misheni yao waliiita misheni ya ufundi. Walifundisha kusoma Biblia, wakafundisha pia kupasua mbao na kujenga, kwa sababu waliona kwamba Mkristo huonekana alivyo mbele ya benchi la kazi, si mbele ya mimbari tu.

Wenye magari nao wana neno lao. Wako watu wanaomfundisha fundi wizi kwa mikono yao wenyewe. Humwambia, Fanya haraka, fanya rahisi, nitakulipa nikivuna miwa. Miwa ikivunwa, fundi halipwi. Yakobo, sura ya 5, alisema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake hufika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama wataka fundi mwaminifu, uwe mwenyeji mwaminifu. Nenda naye dukani mkanunue vipuri pamoja. Omba kurudishiwa vya zamani uvione. Hiyo si kumdharau. Fundi mwema hufurahi kazi yake ikitazamwa. Kisha umlipe siku mliyopatana.

Tumalize kazi yetu. Wakati wa kufunga, kila tundu la oili katika bloku na kranki lioshwe na kupulizwa, maana chembe moja ya mchanga yaweza kukwaruza beringi mpya. Silivu zikiisha kukaa, zipimwe kama zimesimama juu ya uso wa bloku kidogo sana, kwa kipimo kilicho katika kitabu cha kiwanda. Zikiwa chini, gasketi ya hedi haitazibana, na maji yatapenya. Kila ringi itiwe peke yake ndani ya silivu, na mwanya wa ncha zake upimwe. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto itarefuka, ncha zitagongana, nayo itavunjika. Ringi zikivaa pistoni, mianya yake isipangwe mstari mmoja. Beringi zipakwe oili safi. Boliti za hedi zikazwe kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, si kwa nguvu ya bega.

Kabla ya kuwasha, ondoa plagi uzungushe injini kwa stata mpaka taa ya oili izimike au geji ipande. Iwashie nje, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoua mtu kimya kimya. Kwa kilomita 1000 za kwanza usiibebeshe mizigo mizito wala usiikimbize. Badilisha oili mapema. Na oili iliyotumika usiimwage mtaroni, kwa maana mtaro huenda kijitoni, na kijito huenda mto Isiukhu, na huko chini yuko mama anayeteka maji. Iweke katika debe na kuipeleka kwenye gereji inayokusanya. Jirani wa chini ya mto ni jirani pia.

Wapendwa, sasa tujitazame wenyewe. Wako wenye pikapu ambao, injini ikichoka, hununua rangi. Hupaka boneti, huandika maneno mazuri nyuma, hutundika pambo kwenye kioo. Gari lapendeza, lakini haliwezi kupanda mlima wa Khayega. Katika Mathayo 23 Bwana Yesu aliwaonya Mafarisayo waliosafisha nje ya kikombe, nao ndani wamejaa unyang'anyi. Akasema kwamba ndani ndipo pa kusafishwa kwanza.

Sisi wa makanisa twajua sana kupaka rangi. Kitambaa cheupe cha Jumapili, wimbo uliokaririwa, cheo cha mzee wa kanisa, ripoti ya mweka hazina iliyosomwa kwa sauti nzuri. Lakini kitabu cha mapato kiko ndani ya sanduku, na mizani ya dukani iko chini ya meza, na maneno tuliyomwambia mke wetu usiku hayakusikiwa na mtu. Hizo ndizo beringi zetu. Hapo ndipo maisha yetu yazungukapo, na hapo ndipo tutakapogonga siku ya mzigo.

Wala nisieleweke kwamba mtu aweza kuokoka kwa kujikaza boliti mwenyewe. Injini haijifungui. Haiwezi kushika maikromita ikajipima. Huhitaji mkono wa mwingine. Katika Ezekieli 36 Mungu aliahidi kuuondoa moyo wa jiwe na kutoa moyo mpya. Hakuahidi kuupangusa ule wa zamani kwa kitambaa. Katika Zaburi 139, mwishoni, Daudi anamwomba Mungu amchunguze na kuujua moyo wake. Ombi hilo lahitaji ujasiri, maana Mungu akifungua, huona vipande vinavyong'aa katika oili. Lakini yeye haogopi injini ya zamani. Gharama alikwisha kuihesabu, akailipa yote msalabani, wala hakupunguza kitu.

Basi wewe fundi unayenisikiliza huku mikono yako ina oili, kesho utashika kitu ambacho hakuna atakayekiona. Kifanye kama unavyokifanya mbele za Bwana. Na wewe mwalimu, mwuguzi, karani, mama wa sokoni, una kazi yako iliyofichwa. Nawe ambaye ndani umechoka kabisa, usinunue rangi. Mwite Yesu leo.

Tuombe. Ee Bwana, wewe waona ndani yetu kuliko sisi tunavyojiona. Utupime, ututoe kilicholiwa, ututie kilicho kipya kwa neema ya Mwanao. Wabariki mafundi wa Kakamega na wenye kazi zote za mikono, wapate chakula chao kwa haki. Walinde wote wasafirio katika magari waliyoyatengeneza. Twaomba katika jina la Yesu Kristo. Amina.